Theluji Mkabala na Zidaka: Kisa cha Chumba Kimoja cha Hoteli, Mji Mkongwe

Jina la hoteli nimeliacha kwa ombi la mwenye nyumba. Ni nyumba ya urithi ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa mbili juu ya duka, iliyogeuzwa hoteli ndogo ya familia. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyeachiwa na babake. Alimpa msanii mmoja wa kike, kijana wa Michenzani, chumba bora kuliko vyote akipambe atakavyo, na msanii akakipamba kwa milima ya theluji. Wageni wakagawanyika, wakala wa utalii akaandika kulalamika, na mhudumu wa vyumba akapewa barua ya onyo kwa ajili ya msala, mkeka wa kuswalia. Barua hiyo ndiyo iliyofanya niitwe. Kazi yangu ni kuwashauri wenye nyumba za zamani juu ya samani na mapambo, na dari la nyumba ile nilikwisha kulikagua boriti kwa boriti lilipokuwa likitengenezwa.

Kabla ya msanii kuingia, chumba kilifanana na vingi vya hoteli za mji huu. Ukutani palitundikwa nyuso za mbao za mtindo wa Afrika Magharibi, zilizonunuliwa duka la vitu vya watalii. Pembeni ngoma ambayo haijapata kupigwa. Mapazia ya madoa ya chui. Juu ya kitanda picha mbili za Tingatinga, moja ya tembo, moja ya twiga. Tingatinga ni sanaa yenye heshima yake: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliianzisha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta zing'aazo juu ya mbao za kiwandani, na alipokufa kwa risasi ya polisi mwaka 1972 tayari alikuwa na wanafunzi, ambao waliiendeleza hata ikajaa kila kichochoro cha utalii, mpaka huku kwetu. Lakini tembo na twiga hawako Unguja wala Pemba, na nyuso za mbao si pambo la nyumba hizi. Mgeni aliyelala humo alilala ndani ya Afrika aliyokuja nayo kutoka kwao, kisha asubuhi akashuka kwenda kuitafuta Zanzibar kwa mtembeza watalii.

Mwenye nyumba hakukionea haya chumba hicho, na nisingetaka msomaji amwonee haya kwa niaba yake. Kililipa. Dari lilikuwa limelika, fedha za kulitengeneza zilikuwa za mkopo, na chumba hicho ndicho kilichokuwa kikirudisha mkopo huo mwezi kwa mwezi. Ila alikuwa amechoka kuambiwa na wageni kwamba nyumba ni nzuri lakini vyumba wameviona kwingine. Akasikia habari za hoteli za Ulaya zilizowapa wasanii vyumba. Copenhagen, mwaka 2005, wasanii 21 walikabidhiwa vyumba 61 vya Hotel Fox, kila kimoja kikawa na sura yake. Marseille, mchoraji wa grafiti aitwaye Tilt aliacha nusu ya chumba nyeupe pe, nusu ya pili akaijaza rangi na maandishi tangu sakafuni hadi darini, na mpaka ukapita katikati ya kitanda. Akasema na yeye ajaribu kimoja.

Chumba chenyewe ni kirefu na chembamba. Vyumba vya Mji Mkongwe viko hivyo kwa sababu ya mti. Dari hubebwa na boriti za mikoko, nyingi zikija zamani kutoka delta ya Rufiji, na boriti ya mkoko haivuki nafasi inayozidi mita tatu hivi. Tajiri aliweza kukirefusha chumba kadiri ya mfuko wake, lakini upana aliamuliwa na mkoko. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuachwa zidaka, yaani vishubaka vya kuwekea vitu, ndani yake. Chumba hiki kina zidaka kumi na mbili, safu mbili za sita, kwenye ukuta unaokabili kichwa cha kitanda. Zilikuwa zimewekwa mishumaa na makombe ya pwani.

Msanii alipoingia mara ya kwanza alizitazama zidaka kuliko kitu kingine chochote. Akamwuliza mwenye nyumba: "Bi Mkubwa, bibi yako aliweka nini humu?" Akajibiwa kwamba bibi aliweka sahani. Sahani za kaure, mrashi, birika la shaba ambalo halikutiwa kahawa hata siku moja, na saa mbili za mezani ambazo hazikuwa zikienda. Jibu hilo ndilo lililozaa chumba. Kwa sababu msanii naye amekulia chini ya pambo la namna hiyo hiyo. Majumba ya Michenzani yalijengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na ukumbini kwa bibi yake, katika fleti mojawapo, ilitundikwa kalenda yenye picha ya ziwa, nyumba ya mbao na milima myeupe. Mwaka wa kalenda ulikwisha zamani. Picha ikaachwa ukutani kwa kuwa ni nzuri, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika.

Basi akaichora kalenda ile kwa ukubwa wa ukuta mzima nyuma ya kitanda. Milima, misonobari, ziwa, nyumba za mapaa makali. Ukiwa mlangoni unaona Ulaya tupu. Ukisogea unaona ngalawa ziwani na tanga lake. Mbele ya nyumba ya mbao, juu ya theluji, imetandikwa mikeka na karafuu zimeanikwa, na mwanamke aliyejitanda kanga anazigeuza kwa viganja. Barazani wazee wawili wanacheza bao. Zidaka za upande wa pili akazijaza vile vitu ambavyo nyumba nyingi za hapa huviweka kabatini vionekane: sahani za waridi, chupa ya chai ya Kichina yenye maua ya kupakwa, bati la biskuti lenye picha ya kasri, glasi za ukingo wa dhahabu zisizonywewa, maua ya plastiki, saa. Viti vikavikwa vitambaa vya kufuma. Kitanda ni samadari, cha miguu mirefu iliyokerezwa, na vioo vya kichwani vilivyochorwa kwa nyuma. Vitanda vya namna hii vililetwa kwa majahazi kutoka Bara Hindi, vikaigwa na maseremala wetu, na kawaida ya vioo vyake ni maua na ndege. Yeye akachora tramu, daraja la chuma na mwanamume mwenye mwavuli.

Kuna jambo moja la kifundi ambalo lilinifanya nimheshimu kabla sijaitazama picha yenyewe. Hakuchora ukutani. Aliwamba turubai juu ya fremu za mbao, akazifunga kwa skrubu chache huku zikiacha nafasi ya vidole viwili nyuma yake. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena hewani. Ukiupaka rangi ya mafuta, au ukaukandika saruji kama wengi wanavyofanya wakitaka kuta laini za haraka, unyevu hubaki ndani, chumvi hupanda, lipu humeguka, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huanza kuoza bila mtu kuona. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na anayetaka kubadili jengo lake anapaswa kupata kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Picha inayoweza kuteremshwa asubuhi moja bila kubandua chokaa haijabadili jengo. Wapambaji wengi wenye majina makubwa kuliko yake wamezifanyia nyumba hizi ubaya zaidi.

Malalamiko ya kwanza yalikuja mapema. Mke na mume kutoka nchi yenye milima kama ile walishuka mapokezi usiku ule ule wakaomba wahamishwe. Hawakuwa wakali. Walisema tu kwamba hawakusafiri mbali hivyo ili walale chini ya picha ya kwao. Kijana wa mapokezi alipoulizwa kwa nini chumba cha Zanzibar kina theluji, alijibu kwamba ni sanaa, na hapo mazungumzo yakaishia. Wengine walikipenda. Mama mmoja wa Kizanzibari anayeishi Muscat, huko Oman, aliyekuja na wanawe, alisimama mbele ya zidaka akauliza nani amewapa sahani za mamake. Lakini wakala wa utalii, ambaye alikuwa akikinunua chumba hicho kwa msimu mzima na kukiuza pamoja na safari ya msitu wa Jozani na ya mashamba ya viungo, aliandika kwamba wateja wake wanataka chumba cha Kiafrika, na akaomba mapambo ya zamani yarudishwe.

Hapa ndipo kilipo kiini cha kwanza cha kisa hiki. Mgeni wa Copenhagen hakutegemea chumba kimwonyeshe Denmark. Denmark ilikuwa nje ya dirisha, na chumbani alilipia kulala ndani ya ubunifu wa msanii. Mgeni wa Unguja anauziwa chumba kama ushahidi wa mahali. Akiamka usiku wa manane akiwasha taa, ukuta umwambie yuko wapi. Msanii wetu aliutoa ushahidi aliouzoea mgeni akaweka mwingine, na ule mwingine mgeni hakuwa na jicho la kuusoma.

Nasema mwingine kwa sababu nauhesabu kuwa ushahidi wa kweli. Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alizaliwa kasri la Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 anavieleza vyumba vya watu wenye uwezo wa Unguja: kuta zenye zidaka ndefu, rafu za mbao zilizopakwa rangi, na juu yake vyombo vya kaure na vya kioo vya thamani, vikipangwa kwa ulinganifu, vioo vikubwa vya kujitazamia vilivyoagizwa Ulaya, na saa. Kila kitu cha kutazamwa kimetoka ng'ambo ya bahari. Kaka yake, Seyyid Barghash, alizuru Uingereza 1875 na mwaka 1883 akajenga kasri la Beit al-Ajaib kwa nguzo za chuma cha kuyeyushwa. Kabla yao, mkataba wa biashara na Marekani wa 1833 ulikuwa umekwisha kufungua njia ya kitambaa cha merikani. Na tukienda nyuma karne nyingi zaidi, watu wa pwani yetu walipachika bakuli za Kichina kwenye makaburi na misikiti yao, zionekane na kila apitaye. Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa ili ionyeshe vitu vya mbali. Kinyago cha Afrika Magharibi ndicho kilichokuwa kigeni mbele ya zidaka zile. Sahani ya Uchina iko kwao.

Mtu ataniuliza: je, hilo halifanani na yale waliyofanya Wazungu kwa vitu vyetu? George, mwana wa mfalme wa Uingereza, ambaye hakupata kukanyaga India wala China, alijengewa kasri huko Brighton na John Nash tangu 1815, kwa nje makuba ya Kihindi, kwa ndani Uchina wa kubuni, hata ngazi za chuma zikafinyangwa zifanane na mianzi. Mwaka 1804, huko Mâcon, Ufaransa, kiwanda cha Joseph Dufour kilitoa karatasi za ukutani za vipande ishirini, zilizochorwa na Jean-Gabriel Charvet, zikiwaonyesha watu wa visiwa vya Pasifiki kwa habari zilizotokana na safari za James Cook, baharia Mwingereza. Watu wale wamevikwa mavazi ya sanamu za Kigiriki, wanacheza chini ya miti, na kifo cha Cook mwenyewe kimechorwa kwa mbali kama pambo miongoni mwa mapambo. Watu wa Pasifiki hawakuulizwa. Ilipita zaidi ya miaka mia mbili ndipo Lisa Reihana, msanii wa New Zealand mwenye asili ya Kimaori, alipoigeuza karatasi ile kuwa picha inayotembea, akawaingiza watu halisi wa visiwa wakiishi maisha yao ndani yake. Kazi hiyo ilionyeshwa Venice mwaka 2017.

Kufanana kupo, na sitaki kukufuta. Ila tajiri wa Unguja aliyenunua saa hakumgeuza mtengeneza saa kuwa mnyama wa bustanini. Alinunua kitu kilichotengenezwa kiuzwe, akakiweka mahali palipotengenezwa pa kuwekea. Tofauti hiyo ni kubwa.

Na bado haitoshi kuitakasa sahani. Fedha iliyonunua vioo na kaure za karne ya 19 ilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye pembe za ndovu na karafuu, na mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa. Soko la watumwa la hapa mjini lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kwa amri hadi 1897. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar 1954 na akakulia Uingereza, mshindi wa tuzo ya sanaa ya Uingereza iitwayo Turner, ya 2017, mwaka 2007 alichukua vyombo mia vya zamani vya mezani akavichora nyuso za watumwa na za matajiri wa Lancaster, mji wa bandari ulioneemeka kwa biashara hiyo. Msanii wetu anaijua kazi hiyo. Nilipomuuliza kwa nini karafuu juu ya theluji, alinijibu kwamba hakuweza kupanga sahani upande mmoja wa chumba bila kuonyesha upande wa pili nani alikuwa kazini sahani zikinunuliwa. Tangu aliponiambia hivyo, yule mwanamke wa kwenye mikeka ndiye ninayemtazama kwanza nikiingia. Kwangu mimi, hapo kazi yake inavuka kupamba.

Lakini mgeni haambiwi hilo. Mapokezi hawakuambiwa. Na mhudumu hakuulizwa.

Mhudumu wa chumba hicho ni mama wa Wete, Pemba, ambaye mama yake mzazi anasuka ukili wa mikeka mpaka leo. Upande wa dirishani, sakafuni kando ya kitanda, msanii alikuwa ametandika msala wa ukindu, mpya, wenye rangi za zambarau na kijani zilizokubaliana vizuri na picha. Kila asubuhi mhudumu aliukunja akauweka juu ya kabati, akatandika badala yake busati dogo la kukanyagia. Msanii alipokuja kurekebisha kioo kimoja cha kitanda aliuteremsha. Kesho yake ukapanda tena. Hapakuwa na maneno. Msala ulikuwa ukipanda na kushuka tu. Kisha mpiga picha akaja kwa ajili ya matangazo, akakuta busati, na meneja akaandika barua ya onyo kwa kubadili mpangilio wa chumba bila idhini.

Tulikaa chumbani humo humo: mwenye nyumba, meneja, msanii, mhudumu na mimi. Mhudumu hakutaka kukaa kwenye kiti cha kitambaa cha kufuma. Alikaa ukingoni mwa dirisha. Mwenye nyumba akamwambia aseme lake bila kuogopa barua.

"Mwanangu," mhudumu akamgeukia msanii, "huu watu huswalia. Umeuweka mtu akishuka kitandani aukanyage."

"Mama, ni mpya. Haujaswaliwa na mtu."

"Msala hausubiri kuswaliwa. Mamangu akiusuka anajua anasuka nini."

Msanii akasema kwa bibi yake msala ulikuwa ukionekana, nyuma ya mlango, na kwamba hakukusudia kuudharau. Mhudumu akakubali. Alisema neno ambalo nililiandika pale pale: "Nyuma ya mlango sawa. Ungeuangika pale nisingeugusa. Mgeni sina kosa naye, hajui. Anaweka begi, anaweka viatu vya njiani, juzi amemwaga bia. Anayeusafisha ni mimi. Hivyo vya kwenye zidaka sina neno navyo, hivyo ni vya kutazamwa."

Nimesoma mengi kuhusu mapambo ya kigeni, na sijakuta mpaka uliochorwa vizuri kuliko huo. Kuna vitu vilivyotengenezwa vitazamwe na mgeni: sahani ya zidakani, saa isiyokwenda, kalenda, bati la biskuti. Navyo vinachezeka. Ukivihamisha, ukavikuza, ukavitia theluji, bado vinafanya kazi ile ile viliyopewa na wenyewe. Na kuna vitu vyenye kazi yake, ambavyo uzuri wake hufuata kazi. Msala unataka twahara. Ukiutandika chini ya viatu umeuvua kazi yake ukabakiza rangi. Ndivyo vilivyofanyiwa vinyago vingi vya bara letu kabla havijafika juu ya makochi ya Ulaya: kitu cha jando, cha msiba au cha mganga kikavuliwa kazi, kikabaki sura. Kwa hiyo kosa la msala na kosa la zile nyuso za mbao zilizoondolewa lilikuwa moja. Msanii alilitambua la pili siku ya kwanza, la kwanza likampita kwa sababu msala ni wa kwao. Mazoea ya nyumbani hayatoi ruhusa, na hili nawaambia wasanii vijana wa hapa kwa mapenzi yote niliyo nayo kwa kazi zao.

Juu ya kisutu hatukukubaliana. Mito ya viti ilikuwa imeshonwa kwa kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo biharusi huvishwa. Mhudumu aliona haifai kukaliwa na kila apitaye. Mwenye nyumba akasema kisutu kinauzwa Darajani kwa yeyote mwenye fedha, na yeye mwenyewe anacho cha kujifunga akiwa jikoni. Mimi niko upande wa mwenye nyumba: kanga huvaliwa, hukaliwa, hufungiwa mzigo, hubebewa mtoto, na haipungukiwi. Mito ikabaki. Mhudumu anaigeuza uso ndani akisafisha, na hakuna aliyemwambia aache.

Mengine yaliamuliwa haraka. Barua ya onyo ilifutwa mbele yetu na nakala ikatolewa kwenye faili. Kando ya kitanda pakaagizwa mkeka wa kukanyagia kutoka Wete, kwa mama yake mhudumu, aliyetaka kwanza kujua utakanyagwa na viatu au miguu mitupu ili aamue unene wa ukili, kisha akataja bei ambayo haikuwa ya kupunguzwa. Msala umekunjwa ndani ya droo ya meza, na ndani ya droo umebandikwa mshale wa kibla. Mgeni Muislamu akiuhitaji anaukuta safi. Nyuso za mbao hazikurudi. Msanii alikaa na vijana wa mapokezi akawaeleza picha, karafuu na zidaka, na sasa mgeni hupandishwa akione chumba kabla ya kukubali. Wanaokataa hupewa kingine. Wakala alikiondoa chumba kwenye mauzo yake ya msimu, na hilo limeuma, kwa sababu mkopo wa dari haujaisha. Mwenye nyumba anakiuza moja kwa moja, kwa bei ya juu kidogo na kwa usiku mchache zaidi.

Limebaki la hakimiliki. Meneja alikuwa amechapa picha ya ngalawa kwenye jalada la menyu bila kuuliza. Makubaliano yao ya mwanzo yalikuwa ukurasa mmoja wenye bei na tarehe, bila neno juu ya nakala, wala juu ya nini kifanyike kitu kimoja kikilazimika kuondolewa. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi inayoisimamia, na msanii alikwenda huko kuuliza kabla hajatia saini ukurasa wa pili. Menyu zimekusanywa. Jina lake limeandikwa kwenye kibao kidogo karibu na mlango.

Mwenye nyumba anataka ampe chumba kingine, cha ghorofa ya chini kinachotazama ua. Msanii amekubali kwa sharti kwamba mhudumu akae nao tangu kuchagua vitu, kabla rangi haijanunuliwa, na alipwe kwa siku hizo kama wanavyolipwa wengine. Kukaa nao kumekubaliwa. Malipo bado, meneja anasema kutoa maoni si kazi ya mhudumu. Nimeandika msimamo wangu kwenye taarifa niliyompa mwenye nyumba: fundi wa chokaa hulipwa kwa kugonga ukuta na kusema wapi pameoza, kabla hajashika mwiko. Mama huyu aligonga chumba kizima kwa siku nyingi bila malipo, akapata onyo. Alipwe siku hizo zijazo, na aongezewe zilizopita.